Kisanduku Juu ya Kichwa cha Mjukuu

Nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, bibi mmoja akapiga hodi kwenye ofisi ya walimu. Ilikuwa saa ya mapumziko ya asubuhi na wenzangu wote walikuwa nje wanakunywa chai. Alikuwa amevaa kanga za kufanana, moja kajifunga na nyingine kajitanda, na viatu vyake vya plastiki vilikuwa vimejaa vumbi jekundu la njia ya Matambarale. Nilimwamkia, akaitikia, nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Wewe ndiye mwalimu wa mashine?"

"Ndiye mimi, Bibi. Nafundisha fizikia na kompyuta."

"Nimekuja kwa habari ya mjukuu wangu. Kile kisanduku mlichomwekea juu ya kichwa, kitoeni."

Nilielewa mara moja. Mwanzoni mwa muhula ule shule yetu, iliyoko nje kidogo ya mji wa Ruangwa, ilikuwa imepata vishikwambi vya kufundishia pamoja na kisanduku cheupe cha kurusha mtandao, chenye antena mbili na taa za kijani. Fundi alikipigilia ukutani katika darasa la kidato cha pili, karibu na dirisha, kwa sababu ndipo palipokuwa na soketi. Dawati lililokuwa chini yake lilikuwa la msichana mmoja mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Kwa wiki kadhaa alikuwa akilalamika kichwa kinamuuma. Huyu ndiye alikuwa bibi yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo.

"Bibi, kile hakina madhara yoyote," nilimwambia. "Ni kama redio tu."

"Umesoma mahali, au unasema?"

"Ni jambo linalojulikana, Bibi."

Akanieleza, taratibu, akitafuta maneno ya Kiswahili katikati ya Kimwera chake, kwamba babu wa huyo msichana aliwahi kuvunjika mkono na yeye akampeleka kupigwa picha ya eksirei. Muuguzi alimwambia atoke nje. Muuguzi mwenyewe naye akatoka. Hata yule mpiga picha akajificha nyuma ya ukuta, akabonyeza kitufe akiwa huko huko. Alipouliza kwa nini wote wanakimbia, aliambiwa ni kwa sababu ya mionzi.

"Na mjukuu wangu ananiambia mwalimu kasema kile kisanduku kinatoa mionzi," akasema. "Sasa wale watu wazima walikimbia wote, mara moja tu. Watoto wetu mbona mnawakalisha chini yake kutwa?"

Kengele ikalia. Nilikuwa na kipindi, na kusema kweli nilifurahi ilipolia. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ni mionzi ya aina nyingine, nitamweleza siku nyingine. Alisema, "Haya," akajitanda vizuri, akaondoka.

Ile "haya" yake ilinikaa rohoni siku nzima. Mimi ni mwalimu, nina zaidi ya miaka kumi kazini, na ninaijua "haya" ya mtu aliyeelewa na ya mtu aliyekata tamaa na wewe. Kilichonisuta zaidi ni lile swali lake, kama nimesoma au nasema tu. Nilikuwa nasema. Chuoni nilisoma mawimbi, nikafaulu mtihani, lakini sikuwahi hata siku moja kukaa nikajiuliza kisanduku kile kinarusha nguvu kiasi gani, na mtoto anayekaa chini yake anapata kiasi gani. Nilijibu kama watu wanavyojibu wanapotaka mwenzao aondoke.

Mchana nilipoingia darasani nilimkuta yule msichana ameegemeza paji la uso kwenye kiganja.

"Kichwa tena?"

"Kidogo tu, Madam."

Nikamwambia ahamie dawati la nyuma. Alibeba vitu vyake akahama, na darasa zima likainua macho kukitazama kisanduku.

Jumamosi nikaenda kwetu Nachingwea. Huko nina binamu, mtoto wa mjomba, ambaye kazi yake ni kupanda minara ya simu na kuitengeneza. Mimi na yeye tumekuwa tukitaniana tangu utotoni. Nilipompigia kumwambia nina jambo la kuzungumza, alidhani nimepata mchumba. Alinipokea na sahani ya mihogo ya kukaanga na uso wa mtu aliyejiandaa kusikia habari kubwa.

"Nataka uniambie kuhusu mionzi," nikasema.

"Aisee! Nimevaa shati jipya kwa ajili ya mionzi?"

Lakini nilipomsimulia habari za bibi hakucheka. Aliingia ndani akatoka na mkanda wake wa kupandia mnara, ule mpana wenye vyuma, akauweka mezani.

"Sisi tunaopanda tuna masharti," akasema. "Pale juu kuna sehemu huruhusiwi kusimama, mbele ya antena, ikiwa iko hewani. Kama kazi ni ya mbele ya antena, lazima kwanza huku chini waizime. Ni nguvu kubwa ile, inaweza kukupasha mwili joto kama chakula. Kwa hiyo huyo bibi hajauliza upuuzi."

"Na kisanduku cha darasani?"

"Hicho ni kama mshumaa ukiulinganisha na tanuru. Hakina nguvu hiyo. Wala si mionzi ya eksirei, ile inayopenya na kuvuruga mwili ndani. Haya ni mawimbi ya redio. Wataalamu wengi wanasema kwa kiwango hicho hawajathibitisha madhara. Bado wanachunguza, na baadhi ya watu wanapendelea watoto wasogezwe mbali kidogo kwa tahadhari. Mimi ningekuwa na mtoto pale nisingekosa usingizi. Lakini pia nisingekining'iniza juu ya kichwa chake wakati ukuta mwingine upo."

Nikamwambia basi nitakihamishia mbali, hata ofisini kwa mkuu. Akatikisa kichwa. Alisema nikikipeleka mbali mno, vishikwambi navyo vitaongeza nguvu kukitafuta, na hivyo ndivyo vinavyoshikwa mikononi na watoto. Dawa, alisema, ni kukisogeza kiasi, kupakua masomo mara moja, kisha kuzima. Kompyuta zetu chache za mezani ziunganishwe kwa waya. Akachora mduara kwenye mchanga kwa kijiti, akachora mwingine nje yake, mkubwa zaidi, akanionyesha jinsi wimbi linavyosambaa na kupungua kila unapokwenda mbali. Mita mbili au tatu tu, akasema, zinaleta tofauti kubwa.

"Halafu wewe," akaniambia nilipokuwa naaga, "simu unalala nayo wapi?"

"Chini ya mto."

"Unahangaika na kisanduku cha watoto na simu yako iko sikioni usiku kucha. Mchumba huna, umeamua kulala na mnara!"

Nilimpiga kwa ile kanga niliyokuwa nimeishika. Njiani kurudi Ruangwa nilikuwa nacheka peke yangu, na abiria wa pembeni yangu akahamisha mfuko wake kidogo.

Jumatatu niliingia kwa mkuu wa shule. Ni mtu mwema, mwenye sauti kubwa, na kile kisanduku alikuwa anakipenda kama mtu anavyopenda pikipiki mpya. Kila mgeni aliyefika shuleni alipelekwa kwanza kidato cha pili kuonyeshwa taa za kijani.

"Kiende wapi, Madam?"

"Stoo ya vitabu na zana, Mkuu. Iko katikati ya madarasa mawili, hakuna mtoto anayekaa mle, na mtandao utafika pande zote."

"Stoo! Wageni wakija niwapeleke kwenye mafyekeo na majembe?"

"Wageni watawaona wanafunzi wakisoma, Mkuu."

Hakulipenda jibu hilo. Akasema tukianza kuhamisha vifaa kwa sababu ya bibi mmoja, kesho atakuja mwingine kusema ubao unaleta kikohozi. Nikamwambia ubao kweli unaleta kikohozi, chaki zile za muhula uliopita sote tunazikumbuka. Hapo akacheka bila kutaka. Kisha akauliza swali lililonishangaza.

"Wewe unaamini kile kisanduku ndicho kinachomuumiza mtoto kichwa?"

"Siamini, Mkuu. Ila sina uhakika wa kuweza kuapa, na kukisogeza hakutunyimi kitu. Na huyo bibi nilimjibu vibaya."

Akazungusha kalamu yake. "Mfuate kwanza bibi," akasema mwishowe. "Tusikihamishe kimyakimya, watu wakasema tumekubali kwamba tulikuwa tunaua watoto wao. Mweleze, aelewe, ndipo tukihamishe."

Nilienda Matambarale siku ya pili yake baada ya vipindi, kwa bodaboda, na yule msichana akiwa amekaa kati yangu na dereva. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua na hewa ilikuwa na ile harufu yake tamu. Bibi tulimkuta uani anapepeta mbaazi. Safari hii yeye ndiye aliyenivutia kiti, na mimi nikakaa.

"Bibi," nikaanza, "siku ile uliniuliza kama nimesoma au nasema. Nilikuwa nasema tu. Nimekuja kukuomba radhi. Sasa nimekwenda nikauliza, na nimesoma."

Aliacha kupepeta.

Nikaeleza. Kiswahili chake kilitosha kwa mambo mengi lakini si kwa haya, kwa hiyo mjukuu akawa anatafsiri. Kimwera nakisikia kidogo, kile cha sokoni, na niliweza kufuata njia aliyokuwa anapita. Alipofika kwenye "mionzi" alikwama. Alifikiri, akatumia neno la jua kali. Bibi akashtuka, akasema kitu kwa haraka.

"Anauliza, kama ni jua kali, mbona ndani ya darasa hakuna joto?" msichana akaniambia.

Hapo nikaelewa jinsi hofu ilivyozaliwa. Mimi darasani nilisema neno moja, mionzi, nikalitumia kwa eksirei, kwa jua, kwa redio na kwa kisanduku, kwa sababu kitabuni yote yako katika ukurasa mmoja. Mtoto akalibeba neno hilo nyumbani, na nyumbani neno hilo lilikuwa na maana moja tu, ile ya chumba ambacho kila mtu alikimbia.

Nikauacha ukurasa wa kitabu. Nikaomba redio yake ndogo iliyokuwa dirishani, nikaiwasha. Ilikuwa inatangaza mpira, na kwa kuwa huku kwetu mpira ni jambo la kila nyumba, jirani mmoja alichungulia kuuliza matokeo. Nikamwambia Bibi, sauti hii imekuja hapa kwa mawimbi, yanapita hapa uani, yanatupita mimi na wewe, na yamekuwa yakitupita tangu tulipozaliwa. Kisanduku kinatumia ndugu wa mawimbi haya. Eksirei ni ukoo mwingine kabisa, mkali, ndiyo maana wale watu walitoka. Wale walikuwa sahihi kutoka, nikasema, na wewe ulikuwa sahihi kuuliza.

"Kwa hiyo hakiumizi," akasema Bibi mwenyewe, kwa Kiswahili.

"Wanaochunguza hawajaona kikiumiza. Lakini watoto kukua na vitu hivi bado ni jambo jipya, kwa hiyo sisi tutakisogeza. Kitakaa stoo, na kitawashwa wakati wa kazi tu."

Alirudia kupepeta. Mbaazi zilipanda na kushuka mara kadhaa kabla hajasema.

"Basi ungeniambia hivyo siku ile," akasema. "Kwamba unajua hiki, na hiki hujui. Ningerudi nyumbani nikala."

Aliniwekea mbaazi mbichi kwenye mfuko, akasema nichemshe na chumvi tu, nisiziharibu kwa mafuta.

Kuhamisha kwenyewe kulichukua asubuhi moja. Fundi alitoboa ukuta wa stoo kwa drili, kebo zikavutwa hadi kwenye kompyuta za mezani, na kisanduku kikawekwa juu ya kabati, mbali na madawati ya pande zote mbili. Tuliweka swichi yake mlangoni. Mkuu alisimama pale muda wote akitoa maelekezo ambayo fundi hakuyahitaji. Kisha akaomba kabati lipigwe rangi, ili wageni wakija tusione aibu.

Jambo lililopokelewa vizuri kuliko nilivyotazamia ni ule utaratibu wa kupakua na kuzima. Mwanzoni mwa kipindi tunawasha, kila mwanafunzi anapakua somo, kisha kiranja anasimama na kusema kwa sauti, "Weka ndege!" Darasa zima linagusa ile alama ya ndege ya kukata mtandao kwenye kishikwambi, na vishikwambi vyote vinanyamaza. Mwanafunzi mmoja anakwenda kuzima swichi ya stoo. Wiki za mwanzo walikuwa wakinyoosha mikono kama mabawa. Sasa wanafanya bila kufikiri, kama kufuta ubao.

Kitu ambacho sikuwa nimekifikiria ni utulivu. Kabla ya hapo nusu ya kipindi ilikuwa inaishia kwa kelele za "Madam, imekata!" na wajanja wa nyuma wakitafuta video za mpira huku wakijifanya wanasoma. Baada ya kuweka ndege hakuna cha kutafuta. Kuna somo lililopo mbele yao na mwenzao aliye pembeni. Mwalimu wa kilimo, ambaye mwanzoni aliniita mtu wa kujitafutia kazi, akaja kuniomba nimfundishe kupakua masomo yake naye.

Lakini kichwa cha msichana hakikupona. Kisanduku kilikuwa kimeondoka, yeye alikuwa amehamia dawati la nyuma, na hali ilikuwa mbaya zaidi. Siku moja nilikuwa nimeandika mlinganyo ubaoni, nikageuka, nikamwona amebana macho hadi yamekuwa mistari miwili, na shingo ameinyoosha kama anachungulia kisimani. Nikashuka hadi kwenye dawati lake.

"Soma mstari wa juu."

Akasoma nusu, nusu akabahatisha.

Nilijiona mjinga. Wiki zote hizo nilikuwa naangalia ukutani, na mwenye tatizo alikuwa anakaa mbele yangu. Tena mimi ndiye niliyempeleka nyuma, mbali na ubao. Nikamrudisha mbele siku ile ile, nikazungumza na Bibi, na wiki iliyofuata tukaenda wote watatu hospitali ya wilaya, kliniki ya macho. Mtaalamu alimwekea vioo kimoja baada ya kingine katika ile fremu nzito ya kupimia. Kilipofika kioo fulani msichana alisema "Ah!" kwa sauti, akageuka kumtazama bibi yake usoni, akacheka.

"Nini?" Bibi akauliza.

"Bibi, una alama ndogo hapa, karibu na pua. Sikuwahi kuiona."

"Ninayo tangu sijamzaa mama yako," Bibi akasema.

Miwani ilipokuja, maumivu ya kichwa yalipungua ndani ya siku chache, kisha yakaisha. Bibi alikuja shuleni kuniambia, akiwa na viatu vile vile vya plastiki, na safari hii alikaa bila kuambiwa.

"Kwa hiyo kisanduku hakikuwa na kosa," akasema.

"Hatujakikuta na kosa, Bibi."

"Mtakirudisha?"

"Hapana. Pale stoo kinatosha, na watoto wameshazoea. Wewe unasemaje?"

"Kikae huko huko," akasema. "Kitu kama hakina kazi kichwani mwa mtoto, kitoke kichwani mwa mtoto."

Nilimwomba aseme maneno hayo kwenye mkutano wa wazazi, na alisema, kwa Kimwera, huku mjukuu amesimama pembeni yake na miwani yake akitafsiri. Mzazi mmoja aliyekuwa ametoka upande wa Namungo aliuliza kama ni kweli mtandao unawafanya watoto wawe tasa, maana ndivyo alivyosikia kwenye simu. Mkuu alifungua mdomo ajibu, kisha akanigeukia mimi. Nikasimama nikaeleza ninachokijua, na pale nisipojua nikasema sijui. Hakuna aliyenizomea. Mkutano uliendelea hadi kwenye suala la vyoo, ambalo lilichukua muda mrefu zaidi.

Bibi alitaka kuona kitu kimoja kabla ya kuondoka, hicho chombo ambacho mjukuu wake anakishika kutwa. Nikawaingiza wawili darasani, likiwa tupu. Msichana akafungua somo la kilimo lililokuwa limeshapakuliwa, lenye picha za mikorosho na ugonjwa wa ubwiriunga, ule unga mweupe unaokaa kwenye maua. Somo liko kwa Kiingereza, kwa hiyo akawa anamsomea kwa Kimwera, kidole kikifuata mstari, jinsi ya kupulizia dawa ya salfa na saa zipi. Bibi alisikiliza ameinamia kioo, mikono mgongoni. Kisha akamsimamisha.

"Mwambie huyo aliyeandika," akasema, "anakuja kupulizia jua likiwa limeshapanda, na upepo umeshaamka? Dawa yote itakwenda kwa jirani."

"Bibi, ndivyo lilivyoandikwa."

"Basi limeandikwa na mtu ambaye hajashika bomba la dawa. Rudi juu, soma tena."

Msichana akarudi juu, akaisukuma miwani puani, akaanza kusoma upya. Niliwaacha wakibishana, nikaenda kuchukua madaftari yangu.